Homa iliyoandikwa kwenye daftari la mazishi

Mwaka 2016 kijana mmoja alifika parokiani, wilayani Muleba, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu na anaomba mkopo wa masomo. Kwenye fomu alikuwa amejaza kwamba ni yatima. Bodi ya Mikopo haichukui neno la mtu: inataka cheti cha kifo cha mzazi. Baba yake alifia nyumbani mwaka 1997 na kuzikwa kibanjani, chini ya migomba, kama Wahaya wanavyozika, wala hakuna aliyekumbuka kwenda wilayani kuandikisha kifo. Mama alifuata baada ya miaka miwili. Kwa upande wa serikali, wazazi wale walikuwa bado hai.

Katekista alifungua kabati la chuma, akasogeza boksi la mishumaa na kutoa daftari refu lenye jalada gumu. Mimi nilikuwa hapo kwa shughuli nyingine kabisa. Kidole chake kilishuka polepole kwenye ukurasa. "Huyu hapa." Jina, umri, tarehe, jumuiya, padre aliyezika. Mwisho wa mstari, kwenye nafasi ya maelezo, paliandikwa neno moja: homa. Kijana akainama, akasoma na mistari ya jirani. Homa. Homa. Kifua. Homa.

"Katekista, hii homa ilikuwa homa gani?"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata. "Mwanangu," akasema, "ilikuwa homa ya miaka ile."

Nimefanya kazi za ustawi wa jamii mkoani Kagera kwa miaka mingi, nikiwa ndani ya makanisa na nje yake. Kila tunapokaa kuzungumzia makanisa na yatima wa UKIMWI, mazungumzo huishia kwenye uji, blanketi, sare za shule na majengo ya vituo. Vyote hivyo nimevigawa kwa mikono yangu, na sivibezi. Lakini msaada mkubwa kuliko yote ambao makanisa yetu yaliutoa, na ambao hatukuujua kuwa ni msaada, ulikuwa ushahidi: kumjua mtu anapoishi, kuandika jina lake anapokufa, na kusimama mbele ya ukoo kusema tulikuwepo tukasikia. Na kosa kubwa kuliko yote tulilitenda hapohapo kwenye ushahidi, tulipoandika homa.

Wasomaji vijana huenda hawajui hali ilivyokuwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, hospitali ya Kanisa la Kilutheri iliyopo milimani huko Muleba. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha miaka minne tu nyuma, magendo ya mpakani yalikuwa yamepamba moto, na watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Ilipofika 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Mwaka 1987 watafiti walipima watu katika mji wa Bukoba wakakuta watu wazima 24 kati ya kila 100 wana virusi. Vijijini Muleba na Bukoba walikuwa 10 kati ya 100. Ukitaka kujua takwimu hizo zilikuwa na sura gani, ingia kibanja chochote cha wakati huo uhesabu makaburi mapya kati ya migomba.

Serikali ilichelewa kulikubali janga hilo hadharani. Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa siku ya mwisho ya mwaka 1999, miaka 16 baada ya Ndolage. Katika miaka hiyo 16 kulikuwa na chombo kimoja chenye watu katika kila kitongoji, chenye kukutana kila wiki, na chenye kugundua haraka nani hakuonekana. Wakatoliki wanakiita jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, mpango ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele mwaka 1976, kabla mtu yeyote hajawaza kwamba siku moja zitatumika kutafuta watoto waliolala njaa. Kwa Walutheri kuna mitaa chini ya usharika, kila mtaa na mwinjilisti na wazee wake. Nyumba 12 au 15, zinazokutana sebuleni kwa mtu kusali. Zamu inapofika kwako na mlango haufunguki, watu wanataka kujua kwa nini.

Ndiyo maana Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ilipoanzisha mwaka 1989 mpango wa HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, haikuhitaji kuajiri jeshi la kutafuta yatima. Wainjilisti walikuwa na orodha vichwani. Na uamuzi uliofanywa ulikuwa wa busara: mtoto abaki kwenye nyumba aliyozaliwa, na msaada umfuate huko. Dayosisi hiyo ilikuwa na uzoefu wa kituo cha Ntoma, kilichopokea vichanga waliofiwa na mama kwa nia ya kuwarudisha kwa ndugu wakishapata nguvu. Kichanga unaweza kumlea miaka miwili kituoni akarudi kwao. Msichana wa miaka 11 mwenye wadogo watatu na kibanja cha ekari moja, ukimtoa nyumbani hata mwezi mmoja, akirudi atakuta baba mdogo ameshang'oa milamula, mimea inayoonyesha mpaka.

Hapa kwenye ardhi ndipo penye kiini cha suala lenyewe, na ndipo wafadhili wengi hawakutazama. Mtoto wa Kihaya hafi njaa kwa kukosa uji wa mradi. Anakufa njaa akinyang'anywa migomba. Sheria ya mila iliyoandikwa na serikali mwaka 1963 inasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mtoto wa kike yumo katika daraja la mwisho la warithi, na ardhi ya ukoo anaitumia tu, haimiliki. Kanuni hizo zilitungwa kwa jamii ambayo wazee walikufa wazee na baba wadogo waliishi kutunza. UKIMWI ulipowaua watu wa miaka 30 kwa pamoja, kanuni zilezile ziligeuka panga.

Mlango uliobaki wazi ni wosia. Kwa mila hizohizo, asiyejua kusoma anaweza kuacha wosia wa maandishi akiwa na mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Watu wawili wasio wa ukoo, wanaojua kusoma, wanaoaminika na pande zote, na wako tayari kuingia nyumba ya mgonjwa wa Juliana wakati jirani anapita mbali. Kijijini hao utawapata wapi kama si kanisani?

Jioni moja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, niliitwa kuwa mmoja wao. Mgonjwa alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, mwepesi kama kanga iliyokunjwa. Binti yake, wa darasa la sita hivi, alishika koroboi. Mwinjilisti aliandika kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mgonjwa alitaja mipaka kwa pumzi fupi fupi: kutoka mlamula wa barabarani mpaka kwenye mparachichi, kutoka mparachichi mpaka kwenye kaburi la baba. Nusu kwa mke, nusu kwa watoto, wa kike wakiwemo. Kaka yake mkubwa, aliyekaa karibu na mlango, aliguna.

"Mwinjilisti, ardhi ya ukoo haiandikwi na Kanisa."

"Ta," akajibu mwinjilisti bila kuinua macho, "Kanisa haliandiki. Anaandika mwenye nacho. Sisi tunaona tu."

Kidole gumba kilipakwa wino wa kalamu ya biki iliyopasuliwa kwa meno. Karatasi ilikwenda kwenye kabati la usharika. Mgonjwa alizikwa kabla ya wiki kwisha. Miezi mitatu baadaye kaka alikuja na mnunuzi kutoka mjini, na mjane hakwenda polisi wala mahakamani; alikwenda kwa mzee wa kanisa. Kesho yake wazee wanne walikuja wakaketi kwenye benchi nje ya nyumba, wakasoma ile karatasi kwa sauti, kisha wakaendelea kukaa. Walikaa mpaka saa kumi jioni. Mnunuzi aliondoka wa kwanza.

Nisidanganye kwamba mambo yaliisha hivyo kila mara. Nimeona wosia ulioraruliwa mbele ya mchungaji, na nimeona mchungaji aliyekuwa wa ukoo uleule akageuka kipofu na kiziwi. Hata hivyo karatasi zilikuwa na nguvu, na mahakama zilikuwa zimeanza kulainika. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke mzee aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alikuwa hana wa kumtunza, akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo, na mpwa wake akakimbilia mahakama ya mwanzo huko Muleba kuipinga biashara hiyo. Jaji alisema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Watu wa sheria wanaikumbuka kesi hiyo kwa sababu ya usawa wa jinsia. Mimi huwa naikumbuka kwa neno wosia.

Kule Nairobi ushahidi wa aina hii ulichukua sura nyingine. Kituo cha Nyumbani, kilichoanzishwa mwaka 1992 na Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti, kililea watoto wenye virusi waliotelekezwa. Watoto walipokataliwa na shule za jiji, kituo hakikujenga shule yake na kunyamaza. Kilikwenda mahakamani, na Januari 2004 serikali ikakubali watoto hao wapokelewe katika shule za umma.

Sasa nije kwa bibi, maana ndiye aliyebeba mzigo. Asilimia kubwa ya watoto niliowafuata Muleba walilala chini ya paa la bibi, mzaa baba au mzaa mama, mwanamke wa miaka 65 au 70 aliyedhani amemaliza kulea. Makanisa yalimpelekea mtoto sare na kumwachia bibi pole. Hapa Kanisa lilipitwa. Mwaka 2003, huko Nshamba, Muleba, palianza mpango mdogo usio wa kanisa lolote, Kwa Wazee, uliofanya jambo ambalo sisi wa diakonia tuliliona la hatari: kumpa bibi pesa taslimu kila mwezi, bila masharti ya kuonyesha risiti. Tulisema atanunua lubisi, pombe ya ndizi. Tathmini ya mwaka 2008 ilipotoka, jina lake tu lilitosha kututia aibu, kwa maana lilitaja vitu ambavyo bibi hao walivinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ya mshahara au hakufanya. Bara bado tunapeleka blanketi.

Hata hivyo, waumini wenyewe walikuwa wamegundua zamani siri hiyo ya kutoa bila masharti, kwa njia yao. Aliyewahi kuhudhuria ibada ya Kilutheri kijijini anajua mnada. Baada ya ibada watu husimama nje, na matoleo ya asiye na fedha hunadiwa: mayai, maharage, kuku aliyefungwa miguu. Jumapili moja niliona mkungu wa ndizi ukiuzwa mara tatu. Mnunuzi wa kwanza alilipa akaurudisha. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, mwalimu mstaafu, alilipa kisha akasema bila kupaza sauti, "Mpelekeeni Ma yule wa mtaa wa chini." Mkungu mmoja ukawa sadaka tatu na chakula cha siku nne, na hakuna aliyejaza fomu.

Fomu zilikuja baadaye. Mwaka 2003 Marekani ilianzisha PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, na sheria yake ilitenga asilimia 10 ya fedha kwa ajili ya yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Sitakuwa mwizi wa fadhila: dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure nchini kuanzia 2004, zilifanya kwa yatima kile ambacho mahubiri na minada yote isingeweza. Ziliwaacha wazazi wakiwa hai. Taifa lililokuwa linazika kila wiki lilifika 2022–2023 likiwa na maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima, na wengi wa wenye virusi wako shambani wanapalilia.

Lakini fedha zilipoingia kwenye mitaa na jumuiya, zilibadilisha lugha. Watoto waliokuwa "wa marehemu fulani" wakawa "watoto wa mradi". Fomu niliyokuwa nikiijaza ilitaka kujua mzazi alikufa kwa nini. Kwenye kijiji kimoja cha kando ya ziwa kulikuwa na vijana wawili wa nyumba zinazotazamana. Mmoja alifiwa na baba kwa ile homa. Baba wa mwingine alizama na MV Bukoba, Mei 21, 1996. Njaa yao ilikuwa moja, sare zao zilichanika mahali pamoja. Jumuiya iliwachukulia wote kuwa watoto wake. Fomu ilimchukua mmoja. Na yule aliyechukuliwa alipewa begi jipya ambalo kila mtu shuleni alijua maana yake.

Wahudumu wa kujitolea walipoanza kupata posho ya kumtembelea mgonjwa, wasio na posho walipunguza kutembea. Siwalaumu, mtu analinganisha. Ila nilikaa kwenye vikao vya jumuiya ambamo swali "nani hakuonekana wiki hii" lilibadilika kuwa "semina ni lini". Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Posho zikakatika kwa siku moja. Niliwapigia simu watu wa usharika niliowahi kufanya nao kazi nikitegemea kilio. Mmoja alicheka. "Tumerudi kwenye mkungu wa ndizi," alisema. Kisha, bila kucheka, akaniuliza nani atawalipia nauli watoto wawili wanaochukua dawa hospitali ya mbali. Sikuwa na jibu, na mnada hauna jibu la kila mwezi.

Nilisema kosa letu lilikuwa neno homa. Wapo watakaosema katekista alificha kwa huruma, kulinda jina la familia. Ni kweli, nami ningeandika hivyohivyo. Lakini tujiulize aibu ilitoka wapi hata ikahitaji kufichwa. Ilitoka mimbarani. Jumapili asubuhi tulihubiri kwamba ugonjwa huu ni mshahara wa uasherati, na Jumatatu tukaenda kumwosha vidonda yuleyule tuliyemhukumu. Mtoto alisikia vyote viwili, na kati ya hivyo alichokwenda nacho shuleni ni kile cha Jumapili. Mwaka 1992, ng'ambo ya mpaka, Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Uganda alitangaza kwamba anaishi na virusi, kiongozi wa dini wa kwanza Afrika kufanya hivyo hadharani. Alikuwa amefiwa na mkewe. Tendo hilo moja lilifungua midomo mingi kuliko semina zetu zote, kwa sababu ukishasikia kasisi amesema "mimi", neno "wao" linakufa mdomoni.

Tukaja kurudi nyuma tena. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Kwa nini waliamini upesi hivyo? Nadhani ni kwa sababu kikombe kilisema jina la ugonjwa waziwazi, na kiliwaahidi watu waliochoka kujificha kwamba wataacha kujificha. Sisi wengine hatukuwa tumewapa hata nafasi ya kulitaja.

Alama ya miaka ile ilibaki hata miilini mwa watoto. Watafiti waliozipitia kaya zaidi ya 900 za Kagera kati ya 1991 na 1994, kisha wakawatafuta tena watoto wale mwaka 2004, walikuta kwamba waliofiwa na mama wakiwa wadogo walikua wakiwa wafupi kwa takriban sentimita 2, na walikuwa na mwaka mmoja pungufu wa masomo. Sentimita 2 hazionekani kwa macho. Pimeni hata hivyo, ni urefu wa kifundo cha kidole gumba kilichopakwa wino.

Yule kijana wa 2016 alipata barua kutoka parokiani, ikaambatanishwa na ya ofisi ya kijiji, na baada ya safari tatu za wilayani vyeti viwili vilitoka. Jina la baba yake lilianza kuwa la marehemu kisheria miaka 19 baada ya mazishi. Tangu hapo nimekuwa nikiwaomba maparoko na wachungaji ninaowafahamu jambo dogo: wakae na kijana mmoja mwenye kompyuta au hata simu yenye kamera, wapige picha kila ukurasa wa madaftari ya mazishi ya kuanzia 1983 hadi 2005, na karatasi zote za wosia zilizomo kabatini. Kazi ya wiki mbili. Wengine wameitikia. Wengine wanasubiri mfadhili.

Parokia ile ya Muleba ina madaftari manne. Nililifungua la pili mwaka jana. Kurasa zimeliwa na mchwa, kuanzia Machi 1992 hadi mwisho wa mwaka huo.